Serikali Inagawa Samaki wa Nani?

Mwezi Januari 2024, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliwakabidhi wavuvi na wafugaji wa samaki boti na vizimba kwa mkopo usio na riba. Tarehe 15 Mei mwaka huohuo, serikali hiyohiyo ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kwa mapatano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Wa Mwanza walipewa chombo cha kuingilia majini. Wa Kigoma, Katavi na Rukwa wakaambiwa wapandishe mitumbwi yao nchi kavu. Hatua zote mbili ziliwekwa chini ya jina moja, kuendeleza sekta ya uvuvi, na naamini zote mbili zilichukuliwa kwa nia njema. Lakini mazungumzo yetu kuhusu misaada ya aina hii huishia kwenye hesabu: tani ngapi, ajira ngapi, fedha za kigeni kiasi gani. Hesabu hizo ni za lazima, ila lipo swali linalozitangulia, nalo ni la haki kabla halijawa la uchumi. Serikali inapomsaidia mtu avue zaidi, inampa mali ya nani?

Jibu la haraka ni kwamba inampa mali ya umma, kwa kuwa injini na nyavu zimenunuliwa kwa kodi. Hilo ni kweli kwa injini, lakini kwa samaki si kweli. Faida ya injini ya boti iko katika samaki ambao mwenye nayo atawafikia kabla ya wenzake, na samaki hao hakuna mlipa kodi aliyewanunua wala waziri aliyewaumba. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere, katika andiko lake Mali ya Taifa, alitoa hoja kuhusu ardhi ambayo inafaa kushushwa hadi ziwani. Alishikilia kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa viumbe wake wote, na kwamba anachoweza mtu kudai kwa haki kuwa ni chake ni jasho alilolimwaga juu yake. Ichukue hoja hiyo uipeleke majini. Mvuvi ana haki na jasho lake: usiku aliokesha, mtumbwi alioutengeneza, ujuzi wa kusoma upepo na mwezi. Samaki, hata hivyo, alikuwapo kabla ya jasho hilo, na watoto wa mvuvi watamhitaji baada yake. Katika kila kilo ya sato au ya dagaa mna sehemu ya jasho na sehemu ya zawadi, na sera yoyote ya uvuvi haina budi kujua inagusa sehemu ipi. Ninachodai ni hiki: serikali ina haki kamili ya kulisaidia jasho la mtu, lakini zawadi ile hairuhusiwi kuigawa kana kwamba imeirithi. Imekabidhiwa kuitunza.

Dini zetu zinalijua jambo hili, ingawa mimbari zetu hazilifikii mara nyingi. Mapokeo mashuhuri ya Mtume Muhammad yanawahesabu watu kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Katika fikihi, samaki aliye majini ni mubaha, halali kwa yeyote, wala hawi wa mtu mpaka ameshikwa. Ndiyo maana wanazuoni wakakataza kumuuza angali anaogelea, kwa kuwa muuzaji anauza asichokimiliki na mnunuzi ananunua asichokijua. Upande wa Wakristo wapo wanaoshika neno la Mwanzo kwamba binadamu amepewa kuwatawala samaki wa baharini, wakaligeuza kuwa kibali cha kuvua bila kikomo. Lakini katika vitabu vilevile vya Musa, kwenye Kumbukumbu la Torati, mtu anayekuta kiota cha ndege njiani anaelekezwa achukue makinda na amwache mama aende zake. Sheria hiyo inamruhusu mwenye njaa kula, na papo hapo inalinda chanzo cha chakula cha kesho. Kanuni iliyowahi kuwekwa katika Ziwa Victoria, kwamba sangara avuliwe akiwa kati ya sentimita 50 na 85, ilisimama juu ya fikra hiyohiyo: mdogo aachwe akue, na jike kubwa lenye mayai kwa mamilioni liachwe lizae.

Nafasi ya serikali mbele ya ziwa, basi, naiona kuwa sawa na ya mlezi wa mali ya yatima. Mlezi ana mamlaka ya kweli. Anaweza kuitumia mali ile, kuifanyia biashara, hata kumkatalia mtu asiyestahili. Asichoweza ni kuigawa kwa rafiki zake huku mwenyewe hajafikia umri wa kusema. Yatima wetu hapa ni wale ambao hawajazaliwa, ambao hawapigi kura na hawana mwakilishi katika kikao chochote cha bajeti. Na Sura ya An-Nisaa inaongeza jambo ambalo watunga sera wangefaa kulizingatia kwa makini: mlezi aliye tajiri anatakiwa ajizuie na mali hiyo, na aliye maskini anaruhusiwa kula kwa kiasi cha wema. Kumbe amana haimaanishi kufunga mlango kwa wote. Inaweka utaratibu wa nani atangulie na nani angoje, na maskini ndiye anayetangulia.

Kwa karne nyingi wenye akili nyingi hawakuona haja ya mlezi yeyote. Hugo Grotius, aliyechapisha mwaka 1609 hoja yake ya bahari huru, alichukulia kwamba bahari haiwezi kuisha kwa kutumiwa. John Locke, mwishoni mwa karne hiyo, alipoeleza jinsi kazi ya mikono inavyomfanya mtu awe mmiliki, alitoa mfano wa samaki anayevuliwa baharini, akaweka na sharti: wengine wawe wamebakiziwa cha kutosha na kilicho kizuri vilevile. Sharti hilo halikumsumbua, maana nani angedhani samaki watapungua? Mwaka 1883, katika maonyesho ya uvuvi mjini London, mwanasayansi Thomas Huxley bado alikuwa akiwahakikishia watu kwamba uvuvi mkubwa wa baharini hauna mwisho. Falsafa nzima ya kumwachia kila mtu avue awezavyo ilijengwa juu ya dhana moja ya kisayansi, na dhana hiyo ilikuwa na kosa. Ikianguka dhana, haki iliyojengwa juu yake inaanguka nayo, na sharti la Locke linarudi likiwa na meno.

Walioonyeshwa kosa hilo kwa uchungu zaidi ni watu wa Newfoundland, Kanada. Mwaka 1977 Kanada ilipanua mamlaka yake hadi maili 200 za baharini ikazifukuza meli za kigeni zilizokuwa zikimaliza chewa wa Atlantiki. Ilikuwa hatua ya haki, na ingeweza kuwa mwanzo wa kuwapumzisha samaki. Badala yake serikali ikamwaga fedha kwenye meli na viwanda vya wananchi wake, ili Wakanada wachukue kile ambacho wageni walikuwa wakichukua. Kila msaada ulikuwa na sababu nzuri ukiutazama peke yake: ajira katika mkoa maskini, heshima ya taifa, kura za vijiji vya pwani. Tarehe 2 Julai 1992 waziri wa uvuvi, John Crosbie, akatangaza kwamba uvuvi wa chewa umesimamishwa, kwa sababu samaki walikuwa karibu kwisha. Watu wapatao 30,000 walipoteza kazi. Katazo lililotarajiwa kuwa la miaka miwili lilidumu zaidi ya miaka 30. Serikali ililiondoa mwaka 2024, na hata hivyo kwa mgawo mdogo. Nakikumbusha kisa hiki kwa sababu kinajibu pingamizi linalosikika sana kwetu, kwamba tusipovua sisi watavua wageni. Kumzuia mgeni ni wajibu. Lakini samaki hamjui raia wala mgeni; mtego wa mzalendo unamuua vilevile, na mjukuu aliyedhulumiwa na babu yake mwenyewe amedhulumiwa tu.

Dunia haijaacha mwenendo huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba serikali za dunia zilitoa kwa uvuvi wa baharini, kwa mwaka 2018 pekee, dola bilioni 35.4, na bilioni 22.2 kati ya hizo zilikwenda kwenye mambo yanayoongeza nguvu ya kuvua, mafuta ya bei nafuu yakiongoza. Mwezi Juni 2022, mjini Geneva, nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani zilikubaliana kupiga marufuku misaada inayokwenda kwa uvuvi haramu na kwa samaki waliokwisha kuvuliwa kupita kiasi. Mapatano hayo yalianza kazi tarehe 15 Septemba 2025. Ni hatua ya kushukuriwa. Hata hivyo yanahusu uvuvi wa baharini peke yake. Maziwa hayamo, ufugaji haumo. Kwa Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika hakuna mkataba wa Geneva utakaotulazimisha. Tumeachiwa dhamiri zetu na sheria zetu wenyewe.

Tulitazame basi Ziwa Victoria kwa karibu. Sangara aliingizwa humo miaka ya 1950, enzi za ukoloni, kwa hoja ileile ya kukuza uvuvi. Kwa kipimo cha fedha hoja ilishinda: viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, Musoma, Kisumu na Jinja, na samaki wa ziwa letu akafika meza za Ulaya. Gharama yake ililipwa na furu, ambao mamia ya aina zao zilitoweka au kubaki chache mno, na ngege, aliyekuwa kitoweo cha watu wa ziwa. Mfuate sangara mmoja anapofika mwaloni. Minofu inakwenda kiwandani kisha ng'ambo. Bondo lake, kile kifuko cha hewa kilichomo tumboni, linakaushwa na kusafirishwa China, na kilo yake inauzwa ghali kuliko minofu mara nyingi. Kinachobaki ni panki, yaani kichwa na mifupa yenye nyama iliyoshikilia, ambalo hukaangwa na kuuzwa kwa watu wa kipato cha chini. Simlaumu anayekula mapanki wala mama anayeyakaanga, na fedha za kigeni zinajenga shule na zahanati. Lakini ukipima msaada wa serikali kwa tani za mauzo ya nje tu, utaona mafanikio mahali ambapo walezi wamekula minofu na yatima wamebakiziwa mifupa.

Sasa nije kwenye pingamizi zito kuliko yote. Mtu atasema: unazungumza habari za watakaozaliwa, na hapa pana mtoto aliyekwisha kuzaliwa na ana njaa leo, mwenye njaa hahubiriwi subira. Nakubali kila neno. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaodhani kutunza samaki ni kazi ya mtutu na kiberiti. Uganda iliwaingiza wanajeshi kusimamia ziwa mwaka 2017. Kwetu Operesheni Sangara ya 2018 ilichoma nyavu kwa wingi. Nyavu haramu, ziwe kokoro au timba, hazifai kuwamo majini, hilo halina ubishi. Ila anayevua kwa timba mara nyingi ndiye asiye na mtaji wa nyavu za macho makubwa, na kumchomea alichonacho bila kumpa njia nyingine ni kumdai maskini alipe peke yake deni la kizazi kizima. Njaa ya leo inatupa hoja dhidi ya ukatili. Haitupi hoja ya kugawa boti zaidi, kwa sababu boti zikizidi samaki, wa kwanza kurudi na mtumbwi mtupu ni yule mwenye kasia.

Qurani inao mji uliojaribiwa kwa jambo hilihili. Katika Sura ya Al-A'raf watu wa mji ulio kando ya bahari walikatazwa kuvua siku ya Sabato, na siku hiyo ndiyo waliyokuja samaki juu waziwazi. Siku nyingine hawakuonekana. Wafasiri wanasimulia kwamba baadhi yao walitega Ijumaa na kuzoa Jumapili, ili waseme kwamba Sabato hawakuvua. Walikuwapo waliowaonya, na walikuwapo walionyamaza na kuwauliza waonyaji kwa nini wanajisumbua. Kujizuia huku unamwona samaki ni mtihani mkubwa kwa binadamu, na hakuna sheria inayoweza kuuondoa. Lakini serikali inaweza kuupunguza uzito. Ikifunga ziwa kwa miezi mitatu, haki inataka mzigo wa miezi hiyo ubebwe na wote watakaofaidi samaki wakiongezeka: walaji wa mijini, wafanyabiashara, hazina yenyewe. Msaada wa chakula au wa fedha kwa kaya za wavuvi na wachuuzi wa migebuka wakati wa kufunga, ada ya shule iliyoahirishwa, mkopo wa mtumbwi uliosimamishwa marejesho, hizo ndizo ruzuku ambazo mlezi mwaminifu angeziandika kwanza katika bajeti. Zinamlipa mtu kwa kungoja. Kufunga ziwa bila hizo ni kumfungisha mmoja saumu ili wengine wafuturu.

Wala si kweli kwamba watu wa kawaida hawawezi kujizuia. Garrett Hardin alipoandika mwaka 1968 kwamba mali ya pamoja huishia kuharibiwa, wengi walimsadiki, na sera nyingi zimeandikwa zikimwogopa mvuvi kama mwizi. Elinor Ostrom, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kinyume chake kwa mifano mingi. Mmojawapo ni wavuvi wa Alanya, Uturuki, ambao kila Septemba waliandika orodha ya maeneo yao ya kuvulia, wakapiga kura ya nani aanzie wapi, kisha kila siku kila mtu akasogea eneo moja, hata pazuri na pabaya pakamfikia kila mmoja. Karibu nasi zaidi, wavuvi wa Andavadoaka, Madagaska, walianza mwaka 2004 kufunga sehemu ya miamba kwa muda ili pweza wakue, na Kisiwa Panza, huko Pemba, wamefuata njia kama hiyo. Pweza hukua upesi mno, hivyo mwamba ukipumzishwa miezi michache tu tofauti inaonekana kwenye mizani siku ya kufungua. Vikundi vyetu vya usimamizi wa fukwe, BMU, vilianzishwa kwa imani hiyohiyo. Vingi havina hata mafuta ya boti ya doria. Shilingi inayowekwa hapo inaisaidia zawadi ibaki zawadi.

Atabaki anayesema: tuache ziwa, tufuge. Mwaka 2022, kwa mujibu wa FAO, samaki na wanyama wengine wa majini waliofugwa duniani walizidi waliovuliwa kwa mara ya kwanza, kwa hiyo hoja hii si ndoto. Kwa kipimo nilichokiweka, ufugaji una heshima ya pekee, maana katika bwawa lililochimbwa shambani karibu kila kitu ni jasho: udongo uliotolewa, vifaranga vilivyonunuliwa, chakula kilichorushwa asubuhi na jioni. Serikali ikimsaidia mfugaji wa bwawani haimwibii yeyote. Kasoro iliyoonekana Kenya ilikuwa ya namna ya kusaidia. Mpango wa mwaka 2009 ulikusudia mabwawa 200 katika kila moja ya majimbo 140, vifaranga na chakula vikitolewa na serikali. Msaada ulipokoma, mengi yaliachwa yakaota majani, kwa kuwa chakula kilikuwa ghali na soko halikuandaliwa. Shimo lilikuwa sehemu rahisi ya kazi, nalo ndilo lililopewa fedha kwanza.

Kizimba cha ziwani ni jambo la kati na kinahitaji kufikiriwa kwa uangalifu zaidi. Samaki walio ndani ni wa mwenye kizimba, hakuna ubishi; amewanunua na anawalisha. Lakini maji yanayowaletea hewa na kuondoa kinyesi chao ni ya wote, na katika eneo kilipofungwa kizimba mvuvi mwingine hategi tena. Chakula chao nacho huchanganywa na dagaa, ambao kwa kaya nyingi ndio samaki pekee wanaomudu. Mwishoni mwa mwaka 2022 wafugaji wa vizimba upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi hewa ya oksijeni ilipopungua majini, jambo linaloonyesha kwamba hata kizimba hakiwezi kujitenga na afya ya ziwa zima. Anayepewa mkopo usio na riba na eneo la ziwa juu yake amepewa vitu viwili, na cha pili ndicho chenye thamani. Ni haki basi akilipie kwa jamii ya mwalo ule, awekwe mbali na mazalia ya samaki, na leseni yake iwe na mwisho. Vikundi vya vijana na wanawake watangulizwe kabla ya mwenye mtaji mkubwa, kwa utaratibu uleule wa mlezi maskini na mlezi tajiri.

Na ipo misaada ambayo haigusi zawadi hata kidogo, nayo inanishangaza kwa kupewa nafasi ya mwisho. Dagaa wakianikwa mchangani hushika mchanga. Mvua ikinyesha mfululizo huoza, au huuzwa kwa bei ya kutupa wakawe chakula cha kuku. Wakianikwa juu ya chanja ya miti na wavu hukauka upesi, safi, na mama anayewaanika hupata bei nzuri. Chanja, barafu mwaloni, barabara inayopitika hadi gulioni: kila kimoja kinaongeza kipato bila kuongeza hata mtego mmoja majini. Kwa mlezi mwenye fedha kidogo, hapo ndipo pa kuanzia.

Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi Juni, na makadirio ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi husomwa humo kila mwaka. Kabla ya siku hiyo mwandikie mbunge wako, uwe unaishi Ukerewe, Mafia au Kigoma, au unakula tu samaki wa huko. Mwombe asimame amuulize waziri: katika fedha zilizotengwa kwa uvuvi, ni kiasi gani kinakwenda kuongeza nguvu ya kuvua, na ni kiasi gani kinakwenda kwa mtu aliyeambiwa asivue?